Siku ya Pili ya Mwaka Wenu

Shoga yangu Sulani,

Weka chini hicho ulichoshika, uje ukae, nna habari. Siku ya tatu leo inanikaa kooni, na watu wa kuwaambia wapo, Matrah hii haikosi masikio, lakini habari ni yako na nimeapa asiisikie mtu kabla yako. Mie kukaa na neno siku tatu, wajua mwenyewe ni kazi gani.

Mume wangu Nassor kaniona nimeinamia karatasi kacheka. "Unamwandikia maiti? Tena kwa herufi za chuo cha Kurani? Hata alipokuwa hai hakuzijua." Nikamwambia zake za Kichina nami sikuzijua, na miaka kumi na sita tumesemezana dirishani hatujakosa cha kusema. Tena kwao karatasi ikitiwa moto inamfika mwenyewe, basi nikimaliza naitia jikoni, yeye anywe kahawa yake.

Haya. Najua wewe wataka mwisho kwanza. Nikikupa habari ya mgonjwa, hata kitandani sijamlaza, ushaniuliza, "Rukia, kafa au hakufa?" Leo utangoja.

Barua ya kifo chako ilitufika kwa mkono wa mtu aliyepitia Mombasa, wewe ushazikwa zamani. Mei, binti yako, huku sote twamwita Maimuna, jina lake la kusilimu, wewe tu ndo hukulizoea, aliisoma amesimama. Akaikunja. Akarudi jikoni akaendelea kumenya vitunguu. Nikasema afadhali vitunguu, vitamsitiri. Lakini shoga, hakulia siku ile, wala ya pili, wala arubaini. Kazi tu. Anafua, anapika, anamkanda miguu mama mkwe, anajibu "naam" na "ndiyo, Mama", macho makavu kama mchanga wa hapa. Mie nikawa naogopa. Mtu anayelia najua cha kumfanya.

Na kule bandarini Unguja, siku sie tunaondoka kuja huku Matrah nawe wabaki, ulinishika mkono ukanambia mtoto ni wangu na wako. Hukusema jingine, watu walikuwa wengi na meli inapiga honi. Nikakubali. Sasa nikawa najiuliza nimekubali nini, maana mtoto nnaye lakini simpati.

Lakini ngoja nirudi nyuma, la sivyo hutafahamu. Wakumbuka walipokuja kumposa, kule kwetu Malindi ya Unguja? Bi Zuwena, mamake Seif bwana arusi, kavaa dhahabu mpaka shingo haigeuki, kakaa mkekani kwako kaibana pua, maana marehemu mumeo alikuwa kaanika majongoo yake ya pwani darini na harufu inateremka ngazi kama mwenye nyumba. Wakakuuliza, wataka nini kwa binti yako? Sote tukatega masikio. Ukasema, "Dhahabu sitaki. Nguo sitaki. Nataka siku moja. Siku ya pili ya mwaka wetu mpya, aje kwangu na mumewe, kila mwaka. Siku nyengine zote zenu." Bi Zuwena akacheka, akaona kapata mke bure. Akakubali mbele yetu sote.

Baadaye ukanieleza dirishani. Kwenu siku ya kwanza ya mwaka ni ya nyumba ya mume. Ya pili, mtoto wa kike aliyeolewa anarudi kwa mamake, yeye na mumewe, na zawadi mbili mbili mkononi, anakula, anakaa, siku ile si mke wa mtu. Nikakwambia, Sulani, desturi hii mngeileta Unguja mapema mie nisingegombana na mume wangu hata mara moja.

Mwaka wenu mpya nlikuwa naupenda, Mungu anisamehe, sikwambii. Wiki nzima unafagia mpaka mende wanahama. Makaratasi mekundu mlangoni. Samaki mzima na kichwa na mkia, na hamalizwi, lazima abaki, ili mwaka usiwe wa kumaliza vitu. Bakuli moja mezani la wasiokuwapo, na vijiti vyake vya kulia, na wali wa moto. Visu vinafichwa. Neno baya halisemwi, kufa halitajwi, kuvunjika halitajwi, ndo maana siku ya kwanza wewe ulikuwa ukinifungia dirisha kutwa, kwa kuogopa mdomo wangu. Nilikuwa nikikugongea, na wewe unacheka ndani hunifungulii.

Na yule mzee wa karatasi juu ya jiko lako. Kakaa mwaka mzima anatazama yote ya nyumbani, mwaka ukikaribia kwisha anakwenda mbinguni kuyasema, nawe unampaka asali mdomoni ili apeleke matamu tu. Siku uliyonionyesha nilicheka nikakaa chini. Nikakwambia, kumbe hata huko juu yupo mwenye kazi kama yangu.

Basi hilo la asali ndilo nililolivuruga. Sitafuti udhuru. Ramadhani hii, katikati yake, baada ya futari tumekaa wanawake kwa jirani, kahawa inazunguka, mmoja kasimulia lake la kuchekesha, mwengine lake, na mie nikaona nnalo kubwa kuliko yote. Nikalitoa. Na vidole nikavitia mdomoni kuonyesha unavyopaka. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Kesho yake adhuhuri habari ikamfika Bi Zuwena, na njiani ilikuwa imenenepa: eti Maimuna ana sanamu jikoni, anamlisha asali, mwezi mtukufu.

Bi Zuwena akaingia jikoni akapekua. Akakuta bati la biskuti lina picha ya mzee wa ndevu. Bati likaenda jaani na biskuti zake ndani. Nassor kaniambia hilo peke yake ni dhambi yangu.

Nilitaka kucheka, shoga, lakini Maimuna alinijia mlangoni, hakuingia hata kizingiti. Kasema polepole, kwa jina lile aniitalo kama mama mdogo, "Khaloo, mama alikuonyesha jiko lake wewe. Wao hakuwaonyesha." Akageuka akenda zake. Tangu hapo hanisalimii, na Bi Zuwena katangaza nyumba yangu haikanyagwi. Na mwaka wenu nao karibu unaingia. Seif kamkumbusha mamake lile sharti, maskini kijana yule mpole. Bi Zuwena akamjibu, "Sharti lilikuwa aende kwa mamake. Mamake hayupo, sharti limekwisha."

Lilipofika masikioni mwangu, nikaona Mungu kaniwekea kazi mbele yangu. Mama hayupo, lakini mlango wa mama si lazima usiwepo. Mlango wangu upo. Mbovu, unalia ukiufungua, lakini upo.

Sasa sikiliza mambo ya mwezi, hapa ndo pananitia wazimu. Kabla hatujakosana Maimuna alinihesabia. Mwaka wenu huingia mwezi unapokufa kabisa, na safari hii ulikufa pamoja na Ramadhani yetu. Maana yake siku yenu ya kwanza ni siku ya ishirini na tisa ya kufunga. Na ya pili? Mwezi ukionekana jioni ile, ya pili ni Idi. Usipoonekana, tunafunga tena siku moja, na katika siku ya kufunga mke wa mtu anaweza kupenya akaja kufuturu kwa khaloo yake, nani ataona. Lakini Idi? Idi ya kwanza mke wa mwana lazima awe kwa mama mkwe anamimina kahawa, wageni wanaingia na kutoka tangu asubuhi, wamtazame mikono na nguo na adabu. Amtoe Idi, aje kwangu mie mwenye mdomo? Hata ndotoni.

Basi nikajitayarisha kama anakuja. Nikatundika kanga yangu nyekundu mlangoni, makaratasi mekundu nimeyakosa sokoni. Majirani wakaniuliza, "Bi Rukia, kuna arusi?" Nikawaambia, "Kanga inakauka." Nikatengeneza ile keki yenu ya mvuke ya unga wa mchele. Ya kwanza ikawa ugali. Ya pili ikawa gundi, Nassor kaichota kwa kijiko na kijiko hakijatoka mpaka leo. Ya tatu ikasimama. Nikapata samaki changu mzima. Machungwa nikapata mawili tu, makavu, nikayafuta kwa kanga mpaka yakang'ara.

Siku ya mwisho ya kufunga nikaamka na ufagio. Shoga, hujui Idi wewe, lakini hakuna mwanamke wa kwetu atakayeamka mkesha wa Idi asifagie. Nimefagia chumba, ukumbi, ngazi, nimesukuma taka zote nje mpaka uchochoroni, nasimama nivute pumzi, na ufagio mkononi, ndipo nikakumbuka. Siku ya kwanza ya mwaka wenu. Haifagiwi. Ukifagia unaifukuza bahati ya mwaka mzima nje ya nyumba, ulinambia mwenyewe, na ulikuwa ukinificha ufagio hata wangu.

Mie Muislamu, siamini mambo hayo. Lakini nikatazama ile taka uchochoroni na mbuzi wa jirani kaanza kuinusa, nikaona hapana, si mwaka huu, mwaka huu sina bahati ya kumpa mbuzi. Nikaingia na sinia. Nikazoa yote, vumbi, nyuzi, maganda ya vitunguu, nikairudisha ndani nikaitawanya pembeni pembeni. Jirani yangu kasimama na ndoo ya maji kichwani, kanitazama mpaka nimemaliza. "Bi Rukia, waingiza taka?" "Ndiyo, mwanangu." "Za nini?" "Zangu." Kaondoka na ndoo yake. Huyo mpaka leo akiniona anaongeza mwendo.

Jioni Matrah nzima imepanda madarini kutafuta mwezi. Watoto, wazee, wote shingo juu. Na mie peke yangu katika nchi hii ya Waislamu naomba usionekane. Nassor kaniuliza, "Wauona?" Nikasema siuoni. Kasema, "Utauonaje, watazama miguu yako." Ndipo mzinga wa Idi ukalia ngomeni, mwezi umeonekana. Watoto wakapiga kelele za furaha, wanawake vigelegele, Nassor kanipa mkono wa Idi. Nikampa mkono. Moyo ukanidondoka mpaka ngazi ya mwisho.

Asubuhi, wanaume bado wako msikitini, nikavaa nikenda kwa Bi Zuwena mwenyewe. Nimeona sina njia nyengine. Nikamkuta kakaa ukumbini, halwa mbele yake, dele la kahawa linatoa moshi, Maimuna nyuma anapanga vikombe. Hakuinua uso.

Nikasema, "Bi Zuwena, nimekuja kukutaka radhi."

"Ya lipi? Yako mengi."

"La asali."

Nikamwambia kweli yote, kwamba jiko lilikuwa lako, si la Maimuna, kwamba Maimuna kasilimu vizuri kuliko mimi, kwamba mie nilitaka watu wacheke. Kasema, "Wakacheka?" Nikasema wakacheka. "Basi umepata ulichotaka." Halafu nikamwambia nna haja. Akasema haja yangu anaijua na jibu ni lile lile, leo Idi, mke wa mwanawe yuko kwake, nani atamimina kahawa?

Nikasema, "Mie. Mpe ruhusa aje kwangu, mie nikae hapa nimimine mpaka jioni. Na sitasema neno."

Kasema, "Na wewe ukiwa hapa, yeye kule atapokelewa na nani? Paka?"

Sulani, sikuwa nimelifikiria. Wallahi sikulifikiria. Machozi yakanitoka kama mtoto, mbele ya halwa ya watu.

Bi Zuwena hakunibembeleza, si tabia yake. Kachukua tu kikombe kakifuta, kakirudisha. Kisha kasema, kama anasema na kikombe, "Mie nilitolewa huku huku, Nizwa, nna miaka kumi na mbili, nikapelekwa Unguja kuolewa. Sikurudi. Tulipokuja huku, nikasema nende nikaione nyumba ya mama. Ukuta mmoja, na mbuzi. Hata wa kunambia umenenepa hakuwapo." Nyuma, vikombe vimeacha kulia, Maimuna kasimama na kimoja mkononi.

"Kahawa nilikuwa namimina kabla hajazaliwa huyu," kasema Bi Zuwena. "Nenda kwako. Mama hamwendei mtoto, mama anakaa anangoja. Seif akitoka msikitini atamleta." Nimefika mlangoni kaniita. "Na huo mdomo, Rukia?"

"Nitaufunga."

"Usinidanganye siku ya Idi."

Sikutembea, shoga. Mie na unene huu nimekimbia na buibui limejaa upepo, watu wa Idi wananipisha. Nikafika nikakaa mlangoni na ungo wa mchele, nikawa nachagua mchele uliokwisha kuchaguliwa mara mbili. Mtu akipita nainua uso. Nikasema moyoni, hatakuja. Ruhusa kapewa, lakini mama mkwe kutoa ruhusa ni jambo moja, na yeye kunisamehe ni jengine.

Kaja. Seif mbele na kanzu mpya, yeye nyuma. Mkononi makomamanga mawili na makopo mawili ya maziwa, viwili viwili, Sulani, na hakuna aliyemkumbusha. Kasema, "Idi mbarak, Khaloo," kwa sauti ya mbali. Kaingia, kavua buibui, katazama. Ile kanga mlangoni. Changu na kichwa chake. Machungwa yangu mawili. Halafu katazama pembeni, kaona taka.

"Khaloo, hukufagia?"

"Nilifagia. Nikazirudisha."

Kanitazama. Nikamweleza ya mbuzi na sinia na jirani na ndoo. Kwanza kaziba mdomo, halafu kashindwa, kakaa chini kwenye mkeka kacheka, kacheka kicheko kile ulichokuwa ukimkataza kwa kuwa kinasikika mtaa wa pili. Seif kasimama hajui acheke au amshike. Mwaka mzima sijakisikia.

Kisha kala. Keki kaitafuna, kasema, "Sukari nyingi. Mama hatii hivi." Kachukua kipande cha pili. Bakuli lako lilikuwepo, na wali wa moto, kalisogeza mwenyewe kidogo likae sawa. Changu kabaki na mkia.

Na halafu unajua kafanya nini? Kapanda kitandani kwangu, hakuomba, kajifunika kanga yangu, kalala. Mchana wa Idi. Nyumba ya mkwe huwezi kulala mchana, wajua, macho ya watu. Huku kalala mpaka alasiri. Nassor na Seif nimewatoa nje wakanong'one huko. Wageni watatu wamekuja kunipa mkono wa Idi, nimewapa mlangoni nimewarudisha, na mmoja alikuwa na habari, naiona usoni mwake, habari kubwa. Nikamwambia kesho. Nimekaa chini karibu na kitanda sikusema neno tangu adhuhuri mpaka alasiri. Naapa. Muulize Nassor, kaingia mara mbili kutazama kama mzima.

Alipoamka mto umerowa wote. Sikumuuliza, wala hakuna atakayejua, nakwambia wewe tu kwa kuwa ni mamake.

Kaosha uso. Kenda jikoni kwangu, nikasikia kifuniko cha chungu. Shoga, mgeni hafunui chungu cha watu. Kafunua kimoja, kafunua cha pili, kapakua kilichobaki katika bakuli, kafunga na kitambaa, wala hakunambia. Katoka na bakuli langu kama lake. Mlangoni kasema, "Khaloo, mwakani sukari nusu." Akenda zake na mumewe.

Mwakani, Sulani. Umesikia?

Basi ndo habari yangu. Idi hii sikuingia nyumba hata moja, sijui nani kavaa nini, nani kagombana na nani, nimebaki nyuma kama mtu aliyesafiri. Na nakuahidi, siku ile, kila mwaka Mungu akinipa pumzi, iwe Idi, iwe arusi, iwe mfalme mwenyewe anapita hapo njiani na ngoma, mie sitoki. Nitakuwa ndani. Vyungu sitavifunga. Na yaliyokuwa ya jiko lako nimeyaweka mahali ambapo hata mie nikiyatafuta nitapata tabu. Nitajitahidi, usinicheke.

Sijui kwenu huko wafu huambiwa nini wakati wa kuagana. Kwetu tungesema Mungu akulaze pema, nami nakusemea hivyo hivyo, aliyetaka kunikosoa na anikosoe.

Pumzika sasa, mama Mei. Mtoto kashiba.

Shoga yako,
Rukia